Nakala Niliyoikata Mkia

Nimestaafu mwezi uliopita. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu hakuna aliyesema kazi yangu ilikuwa nini hasa. Mkuu wa chuo aliniita nguzo ya TEHAMA. Nguzo inasimama tu, haifanyi kitu. Basi nawaandikia ninyi mliobaki kwenye chumba cha seva pale Themi, mjue kazi yenyewe ilikuwaje, na mjue kosa langu moja ambalo halikuingia kwenye hotuba yoyote. Vyeo na mishahara naviruka, havina cha kumfundisha mtu.

Kwa ufupi, nililipwa kuzuia watu wasishushe vitu kutoka mtandaoni. Chuo chetu kinafundisha mifumo endeshi ya kompyuta, hasa ile huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Msimbo ni yale maandishi wanayoandika mafundi ili kompyuta ijue la kufanya, na msimbo wa mfumo mzima ni mamilioni ya mistari. Kuuchukua ni bure. Kuufikisha Arusha ndiko kulikoniotesha mvi.

Nilianza na cheti cha uhazili. Nilijua kupiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama, na kwa sababu hiyo wakaamua kwamba najua kompyuta. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa Mzee Laizer, mkuu wa maabara, ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi wa redio za mawasiliano kwenye magari ya watalii. Alinisimamisha mbele ya sanduku la chuma lililokuwa likinguruma chini ya meza.

"Hii inaitwa seva," akasema. "Usiiguse."

Akatoka kwenda kunywa chai. Umeme ukayumba, ukarudi, ukayumba tena, na mwisho ukakatika kabisa. Aliporudi akaniuliza kwa nini sikuizima mapema. Nikamwambia, mzee, si ulisema nisiiguse. Akasema, "Basi kuanzia sasa iguse." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya wiki ya kwanza.

Wakati ule intaneti ilikuja kwa dishi lililokuwa juu ya paa. Mvua kubwa ikinyesha, hakuna intaneti. Upepo ukilisukuma dishi, mtu anapanda paani na spana. Na hata siku njema ilikuja nyembamba, watu wengi wanaitegemea. Mimi ni mtu wa Akheri, nimekulia kando ya mfereji. Kwetu maji ya mfereji yana zamu: asubuhi ni ya fulani, kuanzia saa sita ni ya jirani yake, na ukijifungulia maji kwenye migomba yako wakati wa zamu ya mwenzako, utaitwa kwenye kikao cha mfereji ujieleze mbele za watu. Nikamwambia Mzee Laizer kwamba intaneti yake ingefaa igawanywe hivyo hivyo. Akacheka, halafu akaenda kutafuta ubao.

Ubao ule tuliutundika mlangoni. Unaandika jina lako, kitu unachotaka kushusha, uzito wake, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mzee Laizer aliongeza sharti moja la kwake, kwamba hakuna kitu kinachoshushwa kabla hakijaulizwa uzito. Mpaka leo nikiona mtu anabonyeza kitu bila kutazama ukubwa wake, mwili wangu unasisimka. Walimu waliuchukia ubao. Mtu mwenye shahada tatu hapendi jina lake likae chini ya la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesubiri picha za mpira. Nikawaambia mfereji haujui shahada.

Akaja mwalimu mgeni wa somo la mifumo endeshi. Jumatatu yake ya kwanza aliingia darasani, akawaambia wanafunzi arobaini wafungue kompyuta na kushusha msimbo wote wa mfumo, wote kwa pamoja, saa nne asubuhi. Hakuandika ubaoni. Sidhani hata aliuona, ingawa aliusukuma kwa bega akiingia. Ofisi ya udahili ikasimama. Maktaba ikasimama. Mkuu wa chuo akapiga simu maabara kuuliza kama dishi limeibiwa. Jioni nikapita meza kwa meza, na kati ya wale arobaini hakuna hata mmoja aliyefanikiwa. Ubaya wa kushusha nakala ya namna ile ni kwamba ikikatika katikati haiendelei pale ilipoishia, inaanza mwanzo kabisa. Siku nzima ya chuo kizima ilikuwa imemwagika chini, na mwalimu akaniuliza, kwa utulivu wa mtu aliyelala vizuri, kama kesho kasi itakuwa nzuri zaidi.

Ndipo nikatengeneza nakala ya chuo. Nashusha mimi peke yangu, mara moja, naweka kwenye seva, halafu kila mwanafunzi anaichukua pale kwa waya bila kugusa intaneti. Nikabandika karatasi: "Hakuna kushusha msimbo kutoka nje. Nakala ipo ndani." Wiki ile ile nikamkuta mwanafunzi amekaa chini ya karatasi hiyo, kichwa chake kinaigusa kabisa, anashusha msimbo kutoka nje. Nilipomuuliza akasema alidhani ile ya ndani ni ya wafanyakazi.

Hapa lazima niwaeleze jambo la mkia, maana ndilo lililoniponza. Msimbo wa namna hii una sehemu mbili. Kuna maandishi yenyewe jinsi yalivyo leo, na kuna historia: kila badiliko lililowahi kufanywa, nani alilifanya, lini, na kwa sababu gani, tangu siku ya kwanza. Ile historia ndiyo nzito. Sisi tukaiita mkia. Programu ya kuchukulia nakala inakuruhusu kuukata ukitaka, ukabaki na msimbo wa leo tu, na kitu kilichokuwa kinavutwa siku nzima kinaingia kabla chai haijapoa. Diski yetu ilikuwa ndogo. Kila mwaka niliomba kubwa, na kila mwaka kamati ya fedha ikaifuta. Mwaka mmoja walinunua viti vya ukumbi, mwaka mwingine geti. Geti zuri, linafunguka lenyewe. Basi nikaukata mkia, na kila toleo jipya lilipotoka nikalichukua bila mkia, nikafuta la zamani.

Nilijisifia sana. Wageni wakija naonyesha nilivyoupunguza mzigo. Wanafunzi wakanipa jina la Mama Embii, kwa vile embii ndizo watu wanazohesabu kwenye bando la simu, nami nilizihesabu kuliko mtu yeyote Arusha. Nilijifanya kukasirika. Moyoni nililipenda jina hilo.

Lakini msidhani walikuwa wanaelewa. Nilikuwa nikifungua kabrasha la mwanafunzi nakuta nakala nne za msimbo ule ule, moja inaitwa "mpya", nyingine "mpya2", nyingine "mpya mwisho", na ya nne "mpya mwisho kabisa". Ukimuuliza ipi anayoitumia, anakuna kichwa. Mwingine aliirudufu nakala nzima ili abadilishe mstari mmoja, kisha akaja kulalamika kwamba seva imejaa. Mimi ndiye niliyekuwa napigiwa simu na mkuu wa chuo kuhusu seva kujaa.

Mzee Laizer akastaafu, maabara ikabaki kwangu. Baadaye mkongo wa intaneti ukafika chuoni, dishi likashushwa. Na hapa nakiri: kwa mkongo, mkia wote ungeshuka kwa siku moja au mbili za uvumilivu. Sikuushusha. Nilikuwa nimeshazoea kubana, na mtu aliyezoea kubana hajiulizi tena anabana kwa ajili ya nini.

Kosa likajengwa juu ya kosa. Mwanafunzi mmoja alileta picha ya ukurasa wa mtandaoni kuonyesha kwamba rekebisho lake limepokelewa kwenye mfumo, kumbe picha ameitengeneza mwenyewe. Kamati ya miradi ikaniomba niandike kanuni. Nikaiandika kwa mkono wangu: kazi ya mwanafunzi itathibitishwa kwa nakala ya chuo tu, si kwa picha, si kwa barua pepe, si kwa ukurasa wa mtandaoni. Daktari Mushi, mwenyekiti wa kamati, akaisifia kwa uwazi wake. Mushi ni bingwa wa vifaa vya umeme na mtu mwadilifu, hilo siwezi kumnyima, ila msimbo kwake ni kitu cha kuletewa.

Sasa nifike kwa Nanyori. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwao Oldonyosambu, wafugaji. Kijijini kwao maziwa hupimwa kwa mzani wa kidijitali uliounganishwa na kompyuta ndogo, na ile kompyuta inaendeshwa na mfumo huria. Umeme ukiyumba, mzani ulikuwa unarudia uzito wa mtu aliyetangulia. Mama yake alikuwa ameshagombana na jirani yake wa miaka yote kwa sababu hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake amefanya ujanja. Nanyori akaifuatilia hitilafu mpaka akaikuta ndani ya mfumo wenyewe, kwenye sehemu inayosoma mizani. Akarekebisha mistari kumi na moja. Akaituma kwa wasimamizi huko nje, wakamrudishia, akajibu, wakamrudishia tena, wiki kadhaa, mwisho wakaikubali ikaingia kwenye toleo jipya. Huo ndio uliokuwa mradi wake wa kumalizia chuo.

Miezi kadhaa kabla ya mtihani alikuja kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, naomba ruhusa nishushe nakala yenye historia."

"Historia ya nini?" nikamwambia. "Wewe unasoma kompyuta, historia wanasoma wengine."

Nikacheka peke yangu, na ruhusa sikumpa. Yeye alisubiri nimalize, akashukuru, akaondoka.

Mradi wake ukasikilizwa siku ya Jumanne. Kamati ikafungua nakala ya chuo ukutani kwa projekta, wakaenda kwenye ile mistari kumi na moja. Ipo amri ya kuuliza kila mstari umeandikwa na nani. Wakauliza. Nakala ikajibu jina la mzungu mmoja, mistari yote kumi na moja, tarehe ya juzi. Nanyori akasema ni kazi yake. Akaulizwa kwa nini basi ina jina la mtu mwingine, akasema hajui. Akataka kuonyesha barua pepe za wasimamizi, wakamsomea kanuni yangu. Kwa wizi wa kazi ya mtu adhabu ni kufukuzwa chuo. Wakampa mpaka Ijumaa saa tatu alete maelezo, na mimi wakaniagiza niandike ripoti kwamba nakala haijachezewa. Nikaiandika Jumanne ile ile, mistari miwili, kwamba nakala ni sahihi. Nikapiga na muhuri.

Jumatano asubuhi nikamkuta mlangoni kwangu.

"Mama, umeandika nakala ni sahihi."

"Ni sahihi. Niliishusha mwenyewe."

"Mimi sijaiba."

"Nanyori, mashine imeulizwa na imejibu. Unataka niiambie ibadilishe jibu?"

"Naomba uiulize swali jingine," akasema. "Mbele yangu."

Sikupenda hata kidogo kufundishwa kazi asubuhi asubuhi. Nikafungua nakala ili nimalizane naye. Akaniomba nifungue faili ambalo halina uhusiano na mizani, la zamani kabisa, ambalo juu yake mwandishi wake amejitaja kwa jina na mwaka. Nikauliza kila mstari umeandikwa na nani. Nakala ikajibu: mzungu yule yule, tarehe ya juzi. Nikafungua jingine. Yeye. La tatu. Yeye. Kwa mujibu wa nakala yangu, mtu mmoja alikuwa ameandika mfumo mzima, mamilioni ya mistari, kwa siku moja.

Mbele ya kila mstari palikuwa na alama ndogo kama paa la kibanda. Nilikuwa nimeiona miaka yote nikadhani ni pambo. Nikafungua maelekezo, nikasoma maana yake. Alama ile ni nakala inajieleza: hapa ndipo nilipokatwa, ya nyuma siyajui. Kwa kuwa mkia haupo, kila mstari inambandika mtu wa mwisho kufunga toleo. Ni sawa na kukuta boma halina mwenyewe, ukasema ng'ombe wote ni wa yule aliyefunga zizi jana jioni. Nilijua historia imekatwa, niliikata mwenyewe. Sikuwahi kujiuliza ile iliyobaki inasema nini ikiulizwa.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Nimeshakaa, mama."

Kweli alikuwa amekaa. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Kulikuwa na siku mbili. Kanuni ilitaka nakala ya chuo, na kanuni niliiandika mimi, kwa hiyo mkia ulipaswa uje chuoni, wote. Wazo langu la kwanza, mnisamehe, lilikuwa ni kuchukua kipande tu, miezi michache ya karibuni, kuokoa nafasi. Nanyori ndiye aliyenikatalia. Akasema wakiona kimekatwa tena watauliza kimekatwa na nani. Diski haikuwa na nafasi. Nikafuta video za mahafali za miaka sita, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzitazama, hata waliovaa majoho.

Saa tatu na nusu nikaanza kuvuta. Saa tano kasoro laini ikakatika, ikarudi, na kila kitu kikaanza upya. Nikaanza tena. Saa sita ikakatika tena. Nikataka kupasua kitu. Ndipo ujuzi wangu wa kubana ukafaa kwa mara ya kwanza siku ile: badala ya kuuvuta mkia mzima, unauongeza pingili kwa pingili, miezi sita, kisha miezi sita mingine, na kila pingili ikishafika imefika, laini ikikatika hupotezi ya nyuma. Nikamwonyesha Nanyori, akaandika kila pingili kwenye daftari. Ila laini ilikuwa inagawanywa na chuo kizima. Nikatazama ubao wa zamu, ambao siku hizi ni karatasi tu, nikaandika jina langu kuanzia saa saba hadi Alhamisi jioni. Kisha nikazima intaneti ya majengo yote isipokuwa chumba cha seva.

Simu zikaanza. Katibu muhtasi wa mkuu wa chuo akataka kujua kama ni mkongo umekatwa na wachimba barabara. Mwalimu mmoja akaja mwenyewe, mkali, amekatishwa kikao cha mtandaoni katikati ya sentensi yake. Mwisho akapiga mkuu wa chuo.

"Mama Nnko, intaneti iko wapi?"

"Ipo, mkuu. Ni zamu yangu."

"Zamu gani?"

"Imeandikwa mlangoni."

Akasema tutaongea. Nikasema sawa, Ijumaa baada ya saa tatu. Katika miaka yote ya kazi sikuwahi kumjibu mkuu hivyo.

Alhamisi alasiri pingili ya mwisho ikaingia. Tukaenda kwenye ile mistari kumi na moja, nikaacha Nanyori aandike amri mwenyewe. Jina lake likatoka, la kwake na la baba yake, mara kumi na moja, na tarehe, na sababu aliyoiandika kuhusu mzani wa maziwa. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka nikaogopa.

Ijumaa nikaingia kwenye kikao bila kuitwa. Nikawaonyesha nakala ya zamani na mpya, mstari kwa mstari, nikawaeleza ile alama ya paa. Daktari Mushi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ripoti yako ya Jumanne?" akauliza.

"Ni ya uongo, daktari. Sikujua, lakini ni ya uongo."

"Ina muhuri wako."

"Muhuri ni wangu na kosa ni langu. Msichana huyu hana kosa lolote."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Akanikaripia mbele ya wenzake na mbele ya mwanafunzi, dakika nzima, kisha akamgeukia Nanyori akamwomba radhi kwa niaba ya kamati na kumpitisha. Nilitoka nje nikiwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Nanyori akanifuata kwenye ngazi. Akaniita yeyo, kama anavyomwita mama yake mzazi, akanishika mkono.

"Asante, yeyo." Kisha, kabla hajauachia, "Na kabla yangu, ni wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Waliothibitishwa kwa nakala ile."

Furaha yote ikaniishia palepale. Nikarudi ofisini, nikatoa jalada la ripoti zangu, nikafunga mlango. Kesi za wizi wa msimbo zilikuwa mbili tu tangu kanuni ianze. Ya pili ni ya Nanyori. Ya kwanza ilikuwa ya Elisante Kaaya, miaka mitatu nyuma, kijana wa kwetu Akheri, aliyesema amerekebisha mistari minne kwenye sehemu ya kuchapisha. Aliulizwa mbona jina si lake, akasema hajui. Hakukata rufaa. Alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Chini ya karatasi kulikuwa na maneno yangu, kwamba nakala ni sahihi, na muhuri.

Nikaingiza amri. Mistari minne, jina lake, mara nne. Nililia, sioni haya kusema.

Jumatatu niliandikia chuo barua kuomba kesi ya Elisante ifunguliwe upya, nikaambatanisha ushahidi wote. Wakajibu kwamba suala litajadiliwa. Nikakumbusha, likawa litajadiliwa. Nikakumbusha tena, wakaniandalia keki. Barua ile imo kwenye jalada la miradi, rafu ya chini, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaachia. Ifuatilieni, msiniambie mnasubiri kikao. Na anayefikiria kuukata tena mkia wa nakala hiyo ili aokoe nafasi, aje kwanza aongee na mimi.

Wiki iliyopita nilichoka kusubiri chuo, nikaenda mwenyewe. Si mbali na kwangu, ni kuvuka mfereji tu na kupanda kidogo. Nilikuwa nimempita Elisante kanisani mara nyingi, yeye ndiye anayesimamia vipaza sauti vya kwaya, na kila mara alinisalimia na mimi nikaitikia kwa mbali, kama unavyomwitikia mtu unayeamini ni mwizi. Nilimkuta kwenye migomba yake anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, Mama Embii."

"Marahaba, baba."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: mkia, alama, muhuri, jina lake mara nne. Nikampa nakala ya barua. Nilisema nimekuja kuomba msamaha na kwamba najua hautoshi. Hakuifungua barua. Aliishika kwa vidole viwili, mikono ilikuwa na utomvu wa migomba.

"Kwa hiyo ilikatwa ili kuokoa nafasi," akasema.

"Ndiyo."

"Nafasi kiasi gani?"

"Kama gigabaiti nne."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa flashi iliyofungwa kwenye kipande cha uzi, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Hii ni ya nyimbo za kwaya," akasema. "Ina thelathini na mbili, na bado haijajaa."

Akairudisha mfukoni, akaiweka barua juu ya jiwe ili isilowe, akainama kuendelea kukata majani.